Pi Zero 2 W, Pi 3B+, Pi 4 au Pi 5: ipi uikabidhi redio ya SDR?

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa wanaoanza SDR (redio ambayo kazi yake nyingi hufanywa na programu ya kompyuta) huwa hivi: "Kaka, nimenunua stiki ya RTL-SDR, nimeichomeka kwenye Raspberry Pi, stesheni zinashika ila sauti inakatakata. Ninunue Pi 5?" Nami humrudishia swali: hiyo Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, unataka ikufanyie nini? Anayefuatilia ndege, anayetaka kusikiliza mawimbi mafupi kwa simu akiwa kitandani, na anayepokea picha za setilaiti, kila mmoja anahitaji mpangilio wake. Wawili kati yao pesa ya Pi 5 wanaweza kuiacha mfukoni.

Nyumbani kwangu Kigamboni zimepita bodi tano: Pi 3B+, Pi Zero 2 W, Pi 4, Pi 5 na Orange Pi Zero 3. Zote nimezifunga juu ya paa kwa muda, na stiki ileile na antena zilezile. Ninachoandika hapa ndicho ningemwambia ndugu yangu kabla hajaenda dukani.

Sampuli hazisubiri

Stiki ya RTL-SDR ilitengenezwa iwe kipokezi cha televisheni ya DVB-T. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi, yaani vipimo vyake kwa namba, na kuanzia hapo redio ya bei kubwa ikageuka kitu cha kuning'inia kwenye tundu la USB. Kila sampuli ni baiti mbili. Ukiiendesha kwa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kasi ambayo kwa kawaida haidondoshi kitu, unapata megabaiti 4.8 kila sekunde, yaani megabiti 38.4. Inakubali hadi milioni 3.2, ila huko juu hudondosha, kwa hiyo sipaendi.

Mzigo huo hauna mapumziko. Hewani pawe na stesheni au pawe kimya, megabaiti ni zilezile. Faili unalolipakua mtandao ukisinzia litaendelea baadaye. Stiki haina pa kuzihifadhi sampuli, na bodi ikichelewa kuzipokea zimeshapotea. Ule mkatokato unaousikia kwenye sauti ni pengo lililobaki baada ya sampuli kudondoka. Unaweza kuliona kwa macho: andika `rtl_test -s 2400000`, iache dakika tano, na kila zinapodondoka itakuandikia "lost at least" na idadi ya baiti. Mistari miwili mitatu mwanzoni isikutishe. Ikiendelea kumwagika, kuna tatizo, na mara nyingi haliko kwenye prosesa.

Kazi gani inavumilia pengo, na ipi haivumilii

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, nami nakuomba upasome polepole.

Ndege hutangaza mahali zilipo kwa ADS-B kwenye 1090 MHz. Ujumbe mmoja mrefu ni biti 112 na unaisha ndani ya mikrosekunde 120. Ndege ikiwa angani hurudia kutaja mahali ilipo kama mara mbili kwa sekunde. Bodi ikidondosha sampuli kidogo, umekosa ujumbe mmoja, na kabla hujapepesa macho umekuja mwingine. Ramani yako haitatikisika. Meli nazo ni vilevile: AIS, mfumo wao wa kutangaza mahali zilipo, iko kwenye 161.975 na 162.025 MHz, na meli kubwa inayotembea hutuma kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Kwangu hapa meli zinapita kwenye mlango wa bandari zikiingia na kutoka, na hata nilipokuwa na bodi iliyokuwa ikidondosha sampuli kila dakika, sikuwahi kuona meli ikitoweka kwenye ramani kwa sababu hiyo.

Sauti ni jambo jingine. Sikio halisamehe. Pengo la milisekunde ishirini kwenye taarifa ya habari unalisikia, na yakija kumi kwa dakika unazima redio.

Picha za setilaiti ndizo ngumu zaidi, kwa sababu hakuna marudio. Setilaiti za Urusi za Meteor-M N2-3 na N2-4 hutuma picha kwa mfumo wa kidijitali uitwao LRPT kwenye 137.9 au 137.1 MHz, na zinapita juu yako kwa dakika kumi na kitu tu. Sampuli zikidondoka, programu hupoteza mwendo wa data na kwenye picha unabaki mkanda mweusi, pengine palepale ambapo kulikuwa na wingu zuri juu ya Ziwa Viktoria. (Miongozo mingi mtandaoni bado inamwelekeza mtu kwenye NOAA 15, 18 na 19. Zote tatu zilizimwa mwaka 2025, usipoteze jioni yako kuzitafuta.)

Wa FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa redio na kompyuta, kwenye mawimbi mafupi wana hitaji lao: kila zamu ni sekunde 15 na saa ya kompyuta lazima iwe sahihi. Raspberry Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea umeme ukizimwa; Pi 5 inayo, mradi uifungie betri yake ndogo. Ukiwa mahali pa intaneti ya kubahatisha, jambo hilo lina uzito kuliko kasi.

Njia nne za kugawana kazi

Kabla ya kulinganisha bodi, linganisha njia. Bodi moja inaweza kwenda kama saa kwa njia moja na kukwama kabisa kwa nyingine.

Wengi huanza kwa kufungua programu ya redio, SDR++ au Gqrx, kwenye Pi yenyewe, kisha wanaitazama kwa VNC (programu ya kuonyesha skrini ya kompyuta nyingine) wakiwa kwenye laptopu. Hiyo ndiyo njia nzito kuliko zote. Pi inapokea sampuli, inazipigia hesabu za FFT, zile za kutenganisha masafa, inachora maporomoko, ile picha ya rangi inayoshuka kuonyesha masafa, kisha inabana picha ya skrini nzima na kuituma kwa mtandao mara kadhaa kwa sekunde. Ukurasa wa maandishi unabanika vizuri kwa sababu haubadiliki. Maporomoko hubadilika kila mstari, kwa hiyo hayabaniki. Kazi ya redio inakuwa ndogo kuliko kazi ya kuionyesha. Ukichomeka skrini kwa HDMI hali huwa afadhali sana, hasa ukishusha mwendo wa picha hadi 15 kwa sekunde na ukubwa wa FFT hadi 8192. Hata hivyo, njia hii naiachia Pi 4 na Pi 5 peke yake.

Njia ya pili ni rtl_tcp. Pi haihesabu chochote; inachukua sampuli kwenye USB na kuzisukuma kwenye mtandao, na laptopu ndiyo inayofanya redio. Prosesa inapumzika, mtandao ndio unaotoka jasho: zile megabiti 38.4 zote zinapita kwenye waya. Kwa kebo ya LAN ni sawa. Kwa waifai ya 2.4 GHz yenye kuta mbili katikati na majirani wenye ruta zao, uko ukingoni, na ukingoni ndiko sauti inakokatika. Kwa intaneti usijaribu kabisa: saa moja ni karibu GB 17, na hakuna bando la kuhimili hilo. Ukitaka kusikiliza stesheni moja tu ya FM, shusha hadi sampuli 250,000 na utabaki na megabiti 4, ambazo hata waifai dhaifu inazibeba. Ila fahamu kwamba stiki haikubali kasi zilizo kati ya 300,000 na 900,000. Ukiandika 500,000 itakugomea, na bodi haina kosa.

Ya tatu ni kuipa Pi kazi ya seva inayojua redio: OpenWebRX ukitaka kusikiliza kwa kivinjari, au SpyServer na seva ya SDR++ ukitaka kutumia programu kwenye laptopu. OpenWebRX huchora maporomoko mara moja kwa wasikilizaji wote, kisha humtolea kila msikilizaji sauti ya stesheni aliyoichagua. Kinachosafiri ni sauti iliyobanwa na maporomoko yaliyobanwa. Kwa mpangilio wangu ni chini ya MB 100 kwa saa, ukilinganisha na zile GB 17. Ukiwa umelala Morogoro unaweza kuisikiliza antena iliyoko Kigamboni kwa bando la kawaida. Kila msikilizaji anayeongezeka humwongezea prosesa kazi, na ukiwasha vichambuzi (programu zinazosoma ujumbe uliomo kwenye mawimbi) vya FT8 vya bendi kadhaa kwa pamoja, mzigo unapanda kwa kasi kila baada ya sekunde 15.

Ya nne ndiyo niipendayo: kichambuzi kisicho na skrini. readsb au dump1090 kwa ndege, AIS-catcher kwa meli, rtl_433 kwa vipimajoto na vifaa vidogo vya 433 MHz. Sampuli zinaingia, maneno machache yanatoka. Megabaiti 4.8 kwa sekunde zinageuka kuwa orodha ya ndege chache na mahali zilipo. Kazi yote mbichi inaishia pale juu ya paa, chini inashuka habari iliyokwisha kuiva.

Bodi zenyewe

Pi Zero 2 W ilitoka Oktoba 2021 kwa bei ya tangazo ya dola 15. Ina viini vinne vya Cortex-A53 vya 1 GHz na RAM ya MB 512. Usiichanganye na Zero W ya zamani yenye kiini kimoja. Kwa njia ya nne hii ndiyo chaguo langu, sina ubishi. readsb kwa sampuli milioni 2.4 inakwenda bila kuhema, na AIS-catcher vilevile. Mapungufu yake ni mawili: ina tundu moja dogo la USB, kwa hiyo utahitaji adapta ya OTG ili stiki iingie, na haina tundu la LAN. Weka mfumo wa Lite usio na mazingira ya picha, la sivyo MB 512 zitakwisha kabla redio haijaanza. Kwa OpenWebRX ya msikilizaji mmoja inaweza, lakini hutaifurahia.

Pi 3B+ ya mwaka 2018 ina viini vya aina ileile vya 1.4 GHz na RAM ya GB 1, na watu wengi wanayo kabatini. Tatizo lake limejificha. Tundu lake la LAN limeunganishwa ndani kwa ndani kupitia USB 2.0, njia ileile inayotumiwa na stiki. Ukiendesha rtl_tcp, sampuli zinaingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mlango huohuo. Kwa stiki moja inabeba. Stiki mbili na rtl_tcp mbili, hapo utaanza kuona "lost at least". Kwa ndege na meli itumie bila wasiwasi. Kununua mpya kwa ajili ya SDR leo sikushauri.

Pi 4 ndiyo bodi ninayoishauri kwa mtu anayetaka bodi moja ifanye karibu kila kitu. Ilitoka Juni 2019, viini vyake ni Cortex-A72 vya 1.5 GHz, vyenye nguvu ya wazi kuliko A53, na LAN yake ya gigabiti haipiti tena kwenye USB. RAM ya GB 2 inatosha kwa redio. GB 4 chukua kama utaongeza mambo mengine. Stiki mbili, moja ya ndege na nyingine ya OpenWebRX yenye wasikilizaji watatu au wanne, inazibeba. Chomeka stiki kwenye matundu meusi ya USB 2.0 na yale ya bluu yaachie diski ya SSD, kwa sababu USB 3.0 hupiga kelele za mawimbi karibu na 2.4 GHz na kuisumbua waifai ya bodi yenyewe.

Pi 5, ya mwaka 2023, ina Cortex-A76 za 2.4 GHz na inaizidi Pi 4 mara mbili na zaidi kwenye hesabu. Tofauti hiyo utaiona kwenye SDR++ yenye skrini, kwenye GNU Radio (programu ya kujitengenezea redio), kwenye FT8 ya bendi nyingi, na kwenye programu ya SatDump inapotengeneza picha mara tu setilaiti inapozama. Kwa kufuatilia ndege hutaiona kabisa. Inadai pia zaidi: chaja yake rasmi ni ya volti 5 na ampea 5, na feni si mapambo. Ukiipa chaja ya ampea 3 itawaka, lakini itabana matundu yote ya USB yasitumie zaidi ya miliampea 600 kwa jumla. Stiki moja ya RTL-SDR hula kama 280. Mbili bado zimo. Ongeza kikuza mawimbi kinachopewa umeme kupitia waya wa antena, na hesabu inaanza kukataa.

Orange Pi Zero 3 nimeipenda kwa sababu moja: kwa pesa kidogo inakupa tundu halisi la LAN ya gigabiti kwenye bodi ndogo, yenye viini vinne vya A53 vya 1.5 GHz na RAM ya GB 1 hadi 4. Kama Zero 2 W ingekuwa na LAN, ndiyo ingekuwa hii. Lakini ukikwama, msaada ni mchache, na mfumo unaofaa (mimi natumia Armbian) utautafuta mwenyewe. Anayeanza Linux leo simpi hii.

Jioni niliyodhani Pi 4 ni mbovu

Nilipoifunga Pi 4 mara ya kwanza kwa ajili ya OpenWebRX, ilikwenda vizuri mezani, ikapanda juu ya paa, na kufika saa moja usiku sauti ikawa inakatakata vibaya kuliko ile 3B+ niliyoitoa. Nikabadilisha stiki. Nikabadilisha kadi ya SD. Nikashusha sampuli hadi milioni 1.024. Bado. Ndipo nikaandika amri ambayo ningepaswa kuianza:

`vcgencmd get_throttled`

Ikajibu `throttled=0x50005`. Tarakimu ya 5 ya mwisho inasema: sasa hivi umeme uko chini na mwendo umepunguzwa. Ile 5 ya mbele inasema: mambo hayo yameshatokea tangu bodi iwashwe. Bodi huhesabu umeme uko chini ukishuka karibu volti 4.63. Chaja yangu ilikuwa ya simu, imeandikwa ampea 3, na waya ulikuwa mwembamba, urefu wa mita mbili, kwa sababu nilitaka ufike paani bila kuunga. Volti 5 zilitoka kwenye chaja. Zilizofika kwenye Pi zilikuwa pungufu. Nikaiingiza chaja ndani ya boksi, karibu na bodi, nikatumia waya mnene wa sentimita 30 na fundi wa umeme akarefusha waya wa 230 V. Nikawasha upya. `0x0`. Sauti ikatulia usiku uleule, kwa sampuli milioni 2.4.

Jua ndilo lililofuata. Paa la mabati saa tisa mchana wa Januari huwezi kuligusa kwa kiganja, na boksi la plastiki lililofungwa juu yake ni tanuri. `vcgencmd measure_temp` ilinipa nyuzi 82. Pi 4 huanza kupunguza mwendo ikifika 80, na kwenye 85 hubana zaidi. Nililihamishia boksi chini ya jukwaa la tenki la maji, kwenye kivuli cha siku nzima, nikatoboa matundu chini na pembeni juu, nikayaziba kwa wavu wa mbu ili nyigu na mijusi wasihamie. Mchana wa siku iliyofuata ilisoma 66. Sikununua chochote.

Kwa nini nilihangaika kuiweka bodi juu huko badala ya kuteremsha waya wa antena hadi sebuleni? Waya wa RG-58 kwenye 1090 MHz hupoteza takriban nusu ya desibeli kila mita. Mita 15 ni desibeli 7 na zaidi, yaani mawimbi yanayofika chini hayafiki moja ya tano ya yaliyonaswa juu. Kebo ya LAN ya mita 15 haipotezi sampuli hata moja. Kwa anayesikiliza FM tu upotevu huo hausumbui, na bodi anaweza kuiweka sebuleni palipo poa.

Wanaotumia sola wapige hesabu mapema. Pi 4 na stiki yenye kazi ya wastani nakadiria wati 5: kwa siku ni wati-saa 120, nusu ya betri ya 12 V yenye Ah 20. Zero 2 W na stiki haizidi wati 3 na kitu. Kule kusiko na gridi, hilo peke yake linatosha kuchagua Zero 2 W.

Mambo madogo ambayo bodi husingiziwa

Linux ikiiona stiki huidhani ni televisheni na kuikamata. Utaona `usb_claim_interface error -6`. Iorodheshe draiva ya `dvb_usb_rtl28xxu` kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku, washa upya. Stiki ya RTL-SDR Blog V4 inahitaji draiva mpya. Ukitumia ya zamani itaonekana kiziwi, na mtu ataamini Pi yake ni dhaifu.

Kurekodi sampuli kwenye kadi ya SD ni mtego. Dakika 12 za setilaiti kwa sampuli milioni 1.024 ni GB 1.5 ukirekodi kwa biti 8, lakini programu ikiachiwa kurekodi kwa namba za desimali za biti 32 inakuwa karibu GB 6, na kadi ya kawaida huanza kusuasua katikati. Chambua moja kwa moja, au rekodi kwenye SSD.

Na mjini, ambako minara ya FM iko karibu, stiki hulewa na mawimbi ya 88 hadi 108 MHz, ikazua stesheni za uongo kila mahali. Kichujio cha FM kinatibu hilo. Prosesa ya bei yoyote haiwezi.

Wenye vifaa vya SDR vyenye kasi kubwa zaidi, kama Airspy Mini au HackRF One, haya ya Zero 2 W na 3B+ hayawahusu. HackRF kwa sampuli milioni 20 inamwaga MB 40 kwa sekunde. Anza na Pi 5, au shusha kasi. Na kwa kuwa HackRF inaweza kurusha pia, kurusha kunahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya.

Kama ndani kuna laptopu ya zamani

Mshindani ambaye hatajwi dukani ni laptopu ya miaka kumi iliyopita iliyovunjika bawaba. Core i5 ya wakati huo inalingana na Pi 4 au kuizidi, ina skrini, ina diski, na kama betri yake bado inashika hata nusu saa, umeme ukikatika redio haizimiki. Udhaifu wake ni ulaji: wati 20 hadi 30 mchana na usiku, na juu ya paa haipandi. Kwa mwezi wa kwanza, ningeichomekea stiki hiyo kwanza, nikaweka Linux, nikazima ile tabia ya kulala kifuniko kikifungwa, nikatega antena dirishani. Ukijikuta kila jioni uko kwenye 1090, nenda kanunue Zero 2 W. Ukijikuta unawapa rafiki zako kiungo wasikilize nao, weka akiba ya Pi 4.